Alama za Mtafiti Zinakaa Wapi?

Mtafiti anayeandaa tasnifu husoma mamia ya makala na kuacha alama kila anapopita: mstari wa njano hapa, swali pembeni pale. Programu nyingi zinaiweza kazi hiyo. Zinatofautiana katika mahali zinapozihifadhi alama zenyewe, na hilo, kuliko bei au sura ya programu, ndilo linaloamua kama kazi ya miaka itasomeka kwenye kompyuta nyingine.

Muundo wa PDF ulitolewa na Adobe mwaka 1993, ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008. Ndani yake kuna nafasi rasmi ya kuweka maelezo ya msomaji. Aya iliyopakwa rangi kwa Okular kwenye Linux huonekana pia kwenye Acrobat Reader ya Windows au Preview ya Mac, kwa kuwa alama husafiri ndani ya faili. Programu nyingine huziweka alama kwenye kanzidata yake na kuliacha faili kama lilivyokuwa. Faida ya njia hii ni kubwa, kwani alama za nyaraka zote hutafutwa kwa pamoja na kupangwa kwa mada. Lakini faili hilo likitumwa kwa msimamizi wa tasnifu kwa barua pepe, humfikia bila alama hata moja.

Zotero, programu huria na ya bure ya kutunza marejeo iliyoanzishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, inafuata njia hii ya pili. Tangu toleo la 6 la mwaka 2022 ina kisomaji chake cha PDF, na alama hukaa kwenye kanzidata. Hata hivyo mtumiaji anaweza kutoa nakala ya PDF yenye alama zote ndani yake, na uwezo huo ndio unaoifanya ifae kupendekezwa. Yaliyoitokea Mendeley, programu nyingine ya aina hiyo, yanaonyesha uzito wake. Programu hiyo ilinunuliwa na Elsevier mwaka 2013. Mwaka 2018 toleo lake la kompyuta lilianza kuifunga kanzidata kwa usimbaji, na waliotaka kuhamia Zotero wakaikuta njia rahisi imezibwa.

Wanaochambua mahojiano kwa NVivo, ATLAS.ti au MAXQDA wana nafuu: tangu mwaka 2019 upo muundo wa pamoja uitwao REFI-QDA, unaowezesha mradi kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine, ingawa si kila kitu huhama salama.

Mbali na alama, kutafuta maneno nako kuna ugumu wake. Kitabu kilichoskaniwa ni picha tu, na hakuna programu itakayopata neno ndani yake mpaka picha igeuzwe kuwa maandishi. Tesseract, programu ya kazi hiyo iliyoanzia Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kufanywa huria mwaka 2005, inasoma Kiswahili kilichopigwa chapa kwa herufi za Kilatini. OCRmyPDF huitumia Tesseract kuongeza safu ya maandishi chini ya picha, nayo PDF ikaanza kutafutika. Miswada ya mkono ya pwani, iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, haisomeki kwa njia hii.

Hata maandishi yakiwepo, programu nyingi za kutafuta zimezoea Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni pia: anayetafuta "soma" hataletewa "walisoma" wala "hawajasoma" na programu inayolinganisha neno zima. Recoll, programu huria inayojenga faharasa ya mafaili yote ya kompyuta, inakubali kuandikiwa *som* yenye nyota pande zote mbili. Hapo huleta maneno yote yenye herufi hizo, "usomaji" na "kusomesha" yakiwemo, japo polepole, na "Somalia" nayo haikosi kujitokeza. Neno kama "ng'ombe" lina mtego mwingine: alama yake ya ritifaa huandikwa ikiwa imenyooka katika faili moja na imepinda katika jingine, na kwa baadhi ya programu hizo ni herufi mbili tofauti.

Tena faharasa zina mipaka ambayo wengi hawaioni. Zotero kwa kawaida huishia ukurasa wa 100 wa kila PDF. Mwenye tasnifu ya kurasa 300 atadhani neno halimo, kumbe limo katika sura ya tano. Kikomo hicho hubadilishwa kwenye mipangilio.

Kwa hiyo programu ijaribiwe kabla ya kukabidhiwa maktaba nzima. PDF moja ndefu ya Kiswahili yatosha: ipakwe rangi, iandikwe maelezo, itolewe nakala, kisha nakala hiyo ifunguliwe kwenye simu na kwa programu ya kampuni nyingine. Halafu litafutwe neno lililo katika ukurasa wa mwisho, likiwa na kiambishi na bila kiambishi.