Mpaka wa Shamba: Mpimaji Ardhi Anafuata Vitabu Gani?

Majirani wawili wakigombania ukingo wa shamba, wengi huamini kwamba mpimaji ardhi akifika na mashine yake ya setilaiti ugomvi umekwisha. Mashine hiyo haijui mpaka uko wapi. Humwonyesha mpimaji mahali aliposimama tu. Mpaka wenyewe anautafuta katika ramani na kumbukumbu zilizoachwa na waliopima kabla yake, na namna ya kuzitumia imewekwa katika vitabu vya kazi yake.

Kikuu ni Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, pamoja na Kanuni zake za mwaka 1994. Humo ndimo anamojua bikoni zinawekwaje na vipimo vya uwanjani vinaandikwaje. Upimaji wa kusajili ardhi hufanywa na mpimaji wa serikali au aliyepewa leseni na Bodi ya Wapimaji Ardhi, wala si kila mwenye utepe na kofia ya njano. Zamani mpimaji alibeba pia majedwali ya logarithimu na kalenda ya nyota ya kumsaidia kupata kaskazini. Siku hizi hesabu hizo zimo ndani ya kompyuta, lakini ramani za wakati huo zingali kazini. Baadhi zina vipimo vya futi na zimechorwa kwa mfumo wa Cassini, ilhali mashine nyingi hutoa namba za mfumo wa UTM kwa mita. Asiyejua kuoanisha mifumo hiyo miwili atapeleka bikoni kwenye shamba la mtu mwingine, na mashine haitamwonya.

Jambo linalowagharimu wananchi zaidi limo katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Kifungu cha 18 kinasema kwamba mipaka kwenye ramani ya masijala ni ya kukadiria, isipokuwa ile iliyoandikwa katika rejista kuwa imepimwa na kuthibitishwa chini ya kifungu cha 19. Sababu iko katika historia. Mashamba mengi ya mashambani yalianza kusajiliwa kufuatia Mpango wa Swynnerton wa 1954. Katika sehemu nyingi wenye mashamba walipanda ua, picha zikapigwa kutoka angani, na ua ukachorwa kuwa mstari. Ramani nyingi za aina hiyo ni za skeli ya 1:2,500, yaani milimita moja ya karatasi ni mita 2.5 za ardhi. Mstari wenye unene wa nusu milimita tayari unafunika zaidi ya mita moja ya shamba! Ndiyo maana ua wa zamani, mtaro au mti wa mpakani huwa ushahidi mzito, na kuung'oa bila idhini ya msajili ni kosa la jinai.

Kifungu hicho hicho kinaizuia mahakama kusikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo. Anayeuza ng'ombe amlipe wakili kabla ya kumwona msajili wa ardhi anaweza kurudi nyumbani bila ng'ombe na bila uamuzi.

Wanunuzi wa ploti nao wana lao. Ploti ya futi 50 kwa 100 huuzwa kwa jina la moja ya nane ya ekari. Hesabu haikubali: moja ya nane ni futi za mraba 5,445, na ploti hiyo ni 5,000, karibu hekta 0.046. Kabla ya kulipa, mwombe mpimaji akuonyeshe bikoni zote uwanjani, fomu ya mutesheni iliyoligawa shamba, na nakala ya ramani ya masijala. Mwombe pia leseni yake. Aliye nayo hatakasirika.

Upimaji na uchoraji wa ramani ni miongoni mwa majukumu ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, lakini rejista ya ardhi iko kwa msajili, ambaye ni wa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo ombi la kuamua mpaka hupelekwa kwa msajili, likiwa na nambari ya shamba lako na ya jirani. Msajili huwaita pande zote mbili, na mpimaji hufika akiwa na ramani. Ua usiguswe kabla ya siku hiyo.