Masomo ya Majira ya Theluji Katika Nchi ya Ufini

Katika nchi ya Ufini, iliyoko kaskazini mwa Ulaya, mtoto huanza shule ya msingi katika mwaka atimizapo umri wa miaka 7, na miezi mingi ya masomo yake huwa ni miezi ya baridi. Mwishoni mwa mwezi wa Desemba, katika mji mkuu wa Helsinki, urefu wa mchana haufiki saa sita. Huko Utsjoki, kaskazini kabisa, jua halichomozi kwa muda wa siku 50 hivi, tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari. Mwangaza upatikanao adhuhuri ni kama ule wa alfajiri. Hata hivyo shule hazifungwi. Kama masomo yangengojea jua, mtoto angesoma nusu mwaka tu. Basi baridi yenyewe imefanywa kuwa somo.

Somo la kwanza ni usalama wa njiani. Mtoto aendaye shule asubuhi huenda gizani, kwa hiyo huning'iniza katika koti lake kipande kidogo cha plastiki king'aacho kimulikwapo na taa za gari. Tangu mwaka 1982 sheria iliwataka waendao kwa miguu nje ya miji wavae kitu hicho wakati wa giza, na tangu 2003 imekuwa hivyo katika nchi nzima. Jambo hili ni hesabu nzuri ya darasani. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva amwonapo mtu akiwa mbali mita 50, anazo sekunde 2 na kidogo tu kabla ya kumfikia. Amwonapo mbali mara mbili ya hapo, anazo zaidi ya 4. Mtoto aliyekwisha kuifanya hesabu hiyo kwa kalamu yake mwenyewe hana haja ya kukaripiwa na mamaye mlangoni.

Somo la pili ni barafu. Nchi hiyo ina maziwa zaidi ya 180,000, na wakati wa baridi watu huyavuka kwa miguu. Mtoto hufundishwa kwamba barafu ngumu yenye unene wa sentimeta 5 huweza kumchukua mtu mmoja. Kwamba penye mkondo wa maji barafu huwa nyembamba. Na kwamba barafu ya mwisho wa majira, hata ikiwa nene, haiaminiki. Avukaye hutundika shingoni misumari miwili yenye vipini, ili akitumbukia aichome katika barafu na kujivuta nje. Asiyejua hayo huweza kupoteza maisha yake mchana kweupe.

Kutoka hapo mwalimu huingia katika elimu ya maumbile. Chupa yenye maji, ikiachwa nje usiku, hupasuka, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100. Kwa sababu hiyo barafu huelea. Nayo maji huwa mazito kupita yote yakiwa na joto la digrii 4, hivyo hushuka chini, na samaki huishi salama chini ya barafu mpaka majira yageuke. Ndoo iliyojaa theluji mpya, ikiletwa ndani na kuyeyuka, hutoa maji machache mno, na watoto hustaajabu.

Baada ya kipindi cha dakika 45 watoto hutoka nje kucheza kwa dakika 15, ila baridi inapozidi sana ndipo huachwa ndani. Adhuhuri wote hupewa chakula cha moto bila malipo. Sheria ya chakula hicho ilitungwa mwaka 1943, wakati wa vita na upungufu, na tangu 1948 kimetolewa katika shule zote za msingi. Siku zile za mwanzo watoto wenyewe walisaidia kulima na kukusanya vyakula vya jiko la shule.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kila nchi ina majira yake, ya theluji au ya masika, ya kiangazi au ya upepo. Mwalimu mwenye busara hayalalamikii. Huwatoa wanafunzi wake nje, akawaonyesha yaliyomo.