Kalamu ya Mpingo

Neno kalamu tulilipokea kwa Waarabu, nao kwa Wayunani, na asili yake ni tete lililochongwa ncha. Siku hizi mafundi hufanya kalamu zenye mwili wa mti mgumu, na mti ulio bora kwa kazi hiyo ni mpingo, umeao katika pori kavu za bara, nchi ya Singida ikiwamo.

Kiswahili kina neno lake, nalo ni kukereza, yaani kuchonga mti unaozungushwa; chombo chake huitwa keezo. Fundi hutwaa kipande kisichofika shibiri, akakikausha kivulini miezi mingi, kwani mpingo ukikaushwa upesi hupasuka. Kisha hukitoboa kwa keekee, akiichomoa mara kwa mara ili joto lisiupasue mti. Ndipo hukikereza na kukisugua hata king'ae.

Lakini mpingo hukomaa kwa miaka 70 hata 100. Basi fundi mwenye busara hauangushi kwa ajili ya kalamu. Huokota vipande vilivyoachwa na wachongaji, navyo vyamtosha.