Utangulizi: Mtaalamu wa Usafi wa Kinywa na Kliniki Yake

Huenda unaamini kwamba kila anayevaa glavu na kukuambia "fungua mdomo" ni daktari wa meno. Usione haya, hata miongoni mwa wanaotibiwa katika kliniki za hapa Milimani, Kisumu, wapo wanaoamini hivyo.

Tuanze na jino lenyewe. Kila siku bakteria hutanda juu yake utando laini ambao mswaki huuondoa. Ukiachwa, madini ya mate huugandisha ukawa ukoga, yaani gamba gumu lisilobanduka kwa mswaki. Ufizi huvimba na kutoka damu. Hapo wengi huacha kupiga mswaki penye damu, kumbe ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi, taratibu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta fizi zikitoka damu kwa karibu watu wazima wote wa Kenya.

Anayeuondoa ukoga na kukufundisha kuuzuia ndiye mtaalamu wa usafi wa kinywa. Kazi hii ilianzia Bridgeport, Marekani, ambako daktari Alfred Fones alimfunza msaidizi wake, Irene Newman, mwaka 1906. Nchini Kenya aliye karibu naye zaidi ni afisa wa afya ya kinywa wa jamii, ambaye pia hung'oa meno. Mtazame mtaalamu akipima ufizi: kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita hupenyezwa kati ya ufizi na jino, mahali sita kulizunguka. Kina cha milimita 3 au pungufu kwa kawaida hakina shaka. Kikifika 4 na damu ikatoka, ugonjwa huenda umeanza kujichimbia.

Sasa tufike penye ubishi: je, mtaalamu huyu aendeshe kliniki yake mwenyewe, mgonjwa amwendee bila kupitia kwa daktari wa meno? Jimbo la Colorado, Marekani, liliruhusu miaka ya 1980, Uingereza ikafungua njia mwaka 2013. Nasi si wageni wa jambo hili, maana sheria yetu ya mwaka 2017 inawaruhusu maafisa wa kliniki, ambao nao si madaktari, kufanya kazi binafsi.

Utauliza, na ni haki yako: saratani ya kinywa ataitambua nani? Anayekagua kinywa kizima kila mara anaweza kukiona kidonda kisichopona kwa wiki mbili. Kukitibu si kazi yake; kazi yake ni rufaa, yaani kumpeleka mgonjwa kwa daktari mapema. Kwa hiyo mimi naunga mkono kliniki hizo, mradi leseni itaje mipaka ya kazi na daktari wa kupokea rufaa awe anajulikana tangu siku ya kwanza.

Tena ningejali sana mahali. Kliniki moja zaidi Milimani itatuongezea chaguo sisi tulio na kliniki tayari. Ikifunguliwa karibu na ufuo wa Dunga, hapa hapa Kisumu, mama muuza samaki ataondolewa ukoga asubuhi na kurudi kwenye meza yake kabla wateja wa mchana hawajafika.