Je, Wajua? Alama Moja Iliyopungua

Je, wajua kwamba mwezi Novemba 2003, msimbo wa Linux ulipokuwa ukihifadhiwa katika ghala la asili la BitKeeper, na nakala yake ikipelekwa kila mara katika ghala la pili la CVS kwa manufaa ya walioyakataa masharti ya lile la kwanza, mtu asiyejulikana hata leo alipenya katika nakala hiyo akatia mistari miwili ambamo, palipostahili alama mbili za usawa, aliweka moja tu, hadaa ya kistadi, hapana shaka, ya kumpa aijuaye mamlaka yote ya mashine?

Maghala yalipolinganishwa, ilidhihirika upesi kwamba badiliko lile halina asili katika BitKeeper, likafutwa. Ghala la asili halikuguswa.