Kuinyamazisha Tarakilishi: Hati ya Amri na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi aandikapo tasnifu hukatizwa mara kwa mara na arifa, yaani vijisanduku vinavyochomoza kwenye kiwambo kutangaza baruapepe au programu inayohitaji kusasishwa. Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kuzidhibiti arifa hizo kwa hati ya amri katika mfumo wa Linux wenye mazingira ya GNOME. Aidha, yanabainisha nafasi ya Kiswahili katika kazi hiyo.

Muundo wa Amri

Mipangilio ya GNOME huweza kubadilishwa kwa kubofya vitufe, au kwa kuandika amri katika dirisha la amri. Amri ya kuzuia arifa zisichomoze ni hii:

gsettings set org.gnome.desktop.notifications show-banners false

Neno la kwanza ni programu inayoamrishwa. La pili ni kitenzi, "weka". La tatu ni kundi la mipangilio. La nne ni mpangilio wenyewe. La mwisho ni thamani, "si kweli". Katika Kiswahili, kiambishi cha yambwa humwezesha msemaji kusema "kilete kitabu" au "kitabu kilete" bila kupoteza maana. Tarakilishi haina viambishi vya namna hiyo. Maana ya kila neno katika amri hii hutegemea mahali lilipo, hivyo mpangilio wa maneno haugeuzwi.

Hati Yenyewe

Hati ni mfululizo wa amri uliohifadhiwa katika faili moja. Ifuatayo huuliza hali iliyopo, kisha huigeuza:

njia=org.gnome.desktop.notifications
hali=$(gsettings get $njia show-banners)
if [ "$hali" = "true" ]; then
  gsettings set $njia show-banners false
else
  gsettings set $njia show-banners true
fi

Faili ikiitwa "nyamaza", huendeshwa kwa kuandika: bash nyamaza. Ikiendeshwa mara ya pili, arifa huanza kuchomoza tena. Ifahamike kuwa arifa zilizozuiwa hazipotei, bali husubiri katika orodha iliyo chini ya saa ya kiwambo. Mwandishi basi hakosi habari. Huchagua tu wakati wa kuisoma.

Nafasi ya Kiswahili

Hati hii ina tabaka mbili za maneno. Maneno kama "set" na "if" yamewekwa na waundaji wala hayabadilishwi. Lakini "njia", "hali" na "nyamaza" ni hiari ya mwandishi, nayo tarakilishi huyapokea bila pingamizi. Hivyo basi, dai kwamba Kiswahili hakina pa kuingilia katika uwanja huu halina mashiko. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mradi huo uliingilia mlango wa menyu. Mwandishi wa hati huingilia mlango wa majina.

Hitimisho

Ni bayana kuwa istilahi hazikui kwa kuorodheshwa katika kamusi pekee, bali kwa kutumika kazini. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika hati yake kwa majina ya Kiswahili hupata utulivu wa kuandika, na papo hapo huipa lugha yake kazi mpya. Mcheza kwao hutuzwa.