RUFAA KATIKA KESI YA MTOTO ALIYEVUSHWA MPAKA



Mtu akihukumiwa kwa kumvusha mtoto mpaka ili akatumikishwe, wengi hudhani kesi imekwisha. Baadaye inasikika kwamba amekata rufaa, na hofu inaanza: je, atatoka kesho? Je, mtoto ataitwa tena? Tafadhali someni maelezo haya, na wasiojua kusoma wasomewe.

KOSA NI LIPI?

Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Anayemchukua, kumsafirisha, kumficha au kumpokea mtoto kwa nia ya kumtumikisha, kama vile katika kazi ya kulazimishwa au ukahaba, ana kosa. Kwa mtoto, si lazima awe alidanganya au alitumia nguvu. Wala haimsaidii kusema, "Mzazi alikubali." Adhabu inaweza kufika hadi kifo, ndiyo maana kesi hizi husikilizwa na Mahakama Kuu.

RUFAA NI NINI?

Rufaa ni kuomba mahakama ya juu zaidi ipime tena hukumu. Notisi ya rufaa hutolewa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu hukumu. Rufaa huenda Mahakama ya Rufaa, mbele ya majaji watatu, na baadaye yaweza kufika Mahakama ya Juu. Ni haki ya kila aliyehukumiwa, hata akiwa mkimbizi. Mshtakiwa akiachiwa, serikali nayo inaweza kukata rufaa.

Kukata rufaa si kufunguliwa. Mfungwa anaweza kuomba dhamana, lakini majaji ndio wanaoamua.

MAJAJI HUTAZAMA NINI?

Kwa kawaida mashahidi hawaitwi tena. Majaji husoma yale yaliyoandikwa kesi iliposikilizwa, kisha hujiuliza: Je, umri wa mtoto ulithibitishwa? Je, nia ya kumtumikisha ilionekana? Je, ni kweli mshtakiwa ndiye aliyefanya? Neno ambalo halikuandikwa siku ile ni vigumu kuliongeza.

Majaji wanaweza kuiacha hukumu kama ilivyo, kubadili adhabu, kuamuru kesi ianze upya, au kumwachia mshtakiwa. Akiachiwa, haina maana kwamba mtoto alisema uongo. Mara nyingine ni ushahidi tu uliopungua.

WEWE UFANYE NINI?

1. Tunza karatasi za mtoto: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, karatasi ya familia. Tarehe zikitofautiana, omba zisahihishwe mapema, kabla ya kesi yoyote.

2. Mahakamani, kama huelewi lugha, sema. Mshtakiwa ana haki ya mkalimani bila malipo, na shahidi naye aombe. Usijibu "ndiyo" kwa swali usilolielewa, kwa kuwa hiyo "ndiyo" itaandikwa.

3. Usipokee pesa wala mbuzi ili ukanushe maneno yako. Kesi ni ya serikali. Wewe ni shahidi, huna cha kuuza. Ukibadili maneno, unamwacha mtoto peke yake.

4. Ukihama kambi au ukipata safari ya kwenda nchi nyingine, wajulishe polisi walioandika maelezo yako.

5. Ukitishwa, usingoje. Nenda polisi au kwa afisa wa ulinzi siku hiyo hiyo.

6. Usitaje jina la mtoto sokoni wala bombani. Ameshaumia vya kutosha.

Kama ndugu yako ndiye aliyeshtakiwa, jueni kwamba kwa kosa lenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha serikali hulipa wakili. Asikubali mtu wa kumwuzia "rufaa ya haraka".

Mwenye swali amwone afisa wa ulinzi wa watoto. Ushauri haulipiwi.